Waya wa spika: Je, ukinunua wa bei ghali muziki utakuwa mtamu zaidi?

LEO tuzungumzie jambo ambalo limezua ubishi katika nyumba nyingi za mjini, hasa zile zenye vijana wapendao muziki. Jambo lenyewe ni waya. Sizungumzii waya wa kuanikia nguo wala ule wa ua, bali ule mdogo, aghalabu wenye rangi nyekundu na nyeusi, utokao nyuma ya amplifaya na kwenda hadi kwenye spika.

Ukiingia katika baadhi ya maduka ya mitambo ya muziki, muuzaji hatakuacha uondoke na mtambo na spika pekee. Atakuuliza, "Na waya je?" Kisha atakutolea mmoja mnene kama kidole gumba, umevishwa kitambaa cha kusukwa na ncha zake zinang'aa kama pete ya harusi. Atakuambia kwamba ule uliokuja na mtambo unaua sauti na kwamba ukiuondoa utadhani wanamuziki wamehamia sebuleni mwako. Ukiuliza bei, utamwomba airudie ukidhani hukusikia vizuri.

Je, madai hayo ni ya kweli? Swali hili si dogo. Kwa familia inayohesabu karo, kodi ya nyumba na nauli ya kila siku, pesa zinazolipiwa waya ni pesa zilizoondolewa mahali pengine. Nami nililazimika kulitafutia jibu kwa sababu swali hilo lilibisha hodi kwetu, nusura litugombanishe ndugu.

Blanketi juu ya kwaya

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na, kwa zaidi ya miaka 30, kiongozi wa kwaya ya kanisa. Alipostaafu sisi watoto wake wanne tulichanga tukamnunulia mtambo wa muziki wenye spika mbili kubwa. Kila Jumapili jioni huketi mbele yake akasikiliza kwaya, mkono mmoja ukiinuka na kushuka kana kwamba waimbaji wako mbele yake.

Mwaka jana alianza kulalamika. "Hii mashine imechoka," alisema. "Kwaya inaimba ikiwa imefunikwa blanketi. Sauti naisikia, maneno siyapati." Kila wiki aliongeza sauti, hata mama akawa anahamia jikoni.

Tulichanga tena, tukapata Sh20,000. Kitindamimba wetu, ambaye yuko chuoni na ndiye mpenzi wa mitambo katika familia, alienda mjini kuulizia. Alirudi na jibu tayari: spika ni nzima, amplifaya ni nzima, ugonjwa ni waya. Dawa yake ilikuwa jozi moja ya waya ya Sh14,000. Kaka yetu mkubwa aliposikia bei hiyo alisema kwamba kwa pesa hizo yeye angenunua mbuzi, na mbuzi huyo angelia kwa sauti safi kabisa.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuuliza maswali, nilikabidhiwa kesi hiyo. "Basi Dada aamue," kitindamimba alisema, akiamini kwamba ningemuunga mkono. Niliomba wiki mbili.

Mpira wa maji

Nilianza na misingi. Umeme wa muziki hupita katika waya mithili ya maji katika mpira wa kunyunyizia bustani. Mpira ukiwa mwembamba na mrefu, maji hufika kwenye mboga yako yakidondoka tu. Ukiwa mpana na mfupi, hufika kwa nguvu. Lakini ukishakuwa mpana wa kutosha, kuupanua zaidi hakuongezi chochote, kwa maana kinachoamua wingi wa maji sasa ni bomba lenyewe.

Mjerumani Georg Ohm ndiye aliyechapisha, mwaka wa 1827, kanuni ambayo hadi leo wanafunzi wa sekondari hufundishwa katika somo la fizikia. Kila waya huupinga umeme kidogo. Upinzani huo huitwa ukinzani, na hupimwa kwa kipimo kilichopewa jina lake, yaani omu. Mambo matatu huuamua: urefu wa waya, unene wake na madini yaliyoutengeneza.

Tufanye hesabu pamoja, msomaji. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1 una ukinzani wa karibu omu 0.017 kwa kila mita. Umeme huenda na kurudi, kwa hivyo spika iliyo umbali wa mita 4 inatumia mita 8 za waya. Ukitumia waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, unene ambao mafundi wetu huutumia kwa taa za nyumbani, ukinzani wote ni kama omu 0.09. Spika nyingi kubwa za nyumbani zimeandikwa omu 8 mgongoni. Basi waya umechukua kidogo tu zaidi ya asilimia 1.

Sasa nunua waya wenye unene maradufu. Ukinzani utashuka hadi omu 0.05 hivi. Sauti itaongezeka kwa desibeli 0.05. Mtu wa kawaida anaposikiliza muziki huhitaji mabadiliko ya karibu desibeli 1 ili atambue kwamba sauti imepanda. Wenye masikio makali waliofunzwa hutambua mabadiliko madogo zaidi ya hayo, lakini desibeli 0.05 ni kama kuongeza punje moja ya chumvi katika sufuria ya ugali.

Hata hivyo, tusimlaumu muuzaji kwa kila kitu. Ipo hali ambapo waya huharibu muziki kweli. Mitambo mingi ya sinema za nyumbani, ile yenye spika tano na wufa, huja na nyuzi nyembamba mno, nyingine kama uzi wa kushonea kiatu. Tuseme waya wa namna hiyo una unene wa milimita mraba 0.2, nawe unaupeleka hadi spika ya nyuma iliyo umbali wa mita 10 ukizunguka ukuta. Ukinzani wake utakuwa omu 1.7. Ikiwa spika ni ya omu 4, kama zilivyo nyingi za mitambo hiyo, karibu asilimia 30 ya nguvu ya muziki wako inaishia kwenye waya.

Isitoshe, omu 4 au 8 inayoandikwa kwenye spika ni makadirio tu. Kwa kweli ukinzani wa spika hupanda na kushuka kulingana na sauti inayopita, iwe nzito au nyembamba. Kwa hivyo waya mwembamba mrefu haupunguzi sauti zote kwa kiasi kimoja; unazipunguza nyingine zaidi ya nyingine, na muziki unabadilika ladha. Hapo ukibadilisha waya utasikia tofauti, na hutakuwa umejidanganya.

Roger Russell, mhandisi aliyefanya kazi miaka mingi katika kampuni ya mitambo ya muziki ya McIntosh nchini Marekani, alishauri kwamba ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya ule wa spika. Kwa kipimo hicho, waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 unatosha hadi mita 17 kwa spika ya omu 8, na hadi mita 8 kwa spika ya omu 4. Je, sebule yako ina urefu wa mita 17? Yangu haina hata nusu yake.

Kutoka waya wa taa hadi dhahabu

Nilijiuliza pia biashara hii ilitoka wapi. Zamani spika ilikaa ndani ya kabati lile lile la redio, na waya wake haukufika hata urefu wa mkono. Santuri za stereo zilipoanza kuuzwa kwa wingi mwaka wa 1958, nyumba zilihitaji spika mbili, zilizotengana. Watu walizifunga kwa waya wa taa uliouzwa katika kila duka la vifaa vya umeme, na maisha yakaendelea.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Noel Lee, Mmarekani mwenye asili ya Kichina, alianzisha kampuni ya Monster Cable huko California akiuza waya mnene maalumu kwa spika. Wengine wakafuata, kila mmoja na waya wake, kila mmoja na sifa zake. Polepole, kitu kilichokuwa kikikatwa kwa mita kutoka kwenye bunda kikaanza kuuzwa ndani ya sanduku lenye hariri.

Mwaka wa 1983 jarida la Marekani la Stereo Review lilichapisha majaribio ya Laurence Greenhill. Wasikilizaji hawakuambiwa ni waya gani uliokuwa ukitumika. Waya mwembamba sana ulitambulika, hasa ilipotumiwa kelele maalumu ya majaribio badala ya nyimbo. Lakini kwa muziki, waya wa kawaida wa taa wenye unene wa kutosha haukuweza kutofautishwa kwa uhakika na ule wa bei ya juu.

Aidha, mwaka wa 2007 James Randi, mfanya mazingaombwe wa Marekani aliyejulikana kwa kufichua madai ya uongo, alitangaza kwamba dola milioni 1 zingemwendea mtu ambaye angeweza, kwa masikio tu, kutofautisha waya wa spika wa aina ya Pear Anjou ulioutwa dola 7,250 na waya wa kawaida. Kulikuwa na majibizano mengi, lakini jaribio lenyewe halikufanyika.

Na zile ncha za dhahabu? Ukweli ni kwamba dhahabu hupitisha umeme kwa ugumu kuliko shaba. Sifa yake ni kwamba haishiki kutu. Huo ni wema, hasa kwa wasomaji wetu wa Mombasa na Malindi ambako hewa ya chumvi hugeuza shaba kuwa ya kijani kibichi. Lakini mtu wa Mombasa anaweza pia kukata ncha iliyochakaa kwa kisu, akachuna plastiki na kufunga upya, bila malipo.

Nyuma ya shuka

Nilimpelekea kitindamimba hesabu hizi. Alizisoma, akatikisa kichwa. "Dada, hesabu hazina masikio," alisema. "Mimi nimesikia kwa rafiki yangu. Sauti ilifunguka!"

Hapo nilimwelewa. Ni vigumu kumwambia mtu kwamba hakusikia alichosikia. Tena hakuwa akisema uongo. Akili ikishajua kwamba kitu ni cha bei, macho na masikio huungana nayo. Vilevile, sauti iliyopanda kidogo tu huonekana kuwa tamu zaidi, hata kama hakuna kilichobadilika ila kimo chake. Njia ya haki ni kuyaondoa macho.

Basi tulimwomba rafiki huyo atuazime waya wake kwa Jumamosi moja. Fundi wa mtaani alinikatia waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, mita 4 kwa kila spika, kwa pesa zisizofika Sh1,500. Tulitundika shuka mbele ya amplifaya. Kaka mkubwa alikaa nyuma yake na sarafu ya shilingi moja. Kichwa kikiangukia juu alifunga waya ghali. Kikiangukia chini, alifunga waya wa fundi. Kila mara alizima mtambo kwanza, na hakuruhusiwa kusema neno. Mimi nilikaa upande wa pili na kalamu.

Kitindamimba alisikiliza kwanza kila waya akiuona, akatueleza tofauti zake kwa ufasaha. Kisha tukaanza raundi 16 za gizani. Tulitumia wimbo wa kwaya na "Sina Makosa" wa Les Wanyika, kwa sababu gitaa la besi la Tom Malanga humfichua mara moja mtambo ulio dhaifu.

Katika raundi ya tatu aliruka kutoka kitini. "Huu! Huu ndio wenyewe!" Nyuma ya shuka kaka mkubwa alikohoa. Ulikuwa waya wa fundi.

Mwishoni alikuwa amepata raundi 9 kati ya 16. Mtu anayekisia tu hutarajiwa kupata 8. Ili tuseme kwamba mtu anasikia kweli, angalau apate 12, kwa maana anayekisia hufika huko mara chache sana, chini ya mara 4 katika kila majaribio 100. Kijana wetu alinyamaza kwa muda.

Hata hivyo sikutaka aondoke akidhani masikio yake ni mabovu. Tulichukua waya mwembamba uliokuja na mtambo wa jirani, tukauunganisha hadi ukafika mita 15 kwa kila spika, tukarudia. Safari hii alipata 15 kati ya 16. Masikio yake ni mazima! Aliposikilizishwa tofauti iliyopo, aliitambua. Aliposikilizishwa isiyokuwapo, aliikisia. Nafikiri jambo hilo lilimfariji kuliko maneno yangu yote.

Nyekundu na nyeusi

Tulikuwa tumemaliza ubishi, lakini Mzee bado alikuwa na blanketi lake. Sh20,000 zilikuwa karibu zote mkononi. Nilimwita fundi yule aje atazame mtambo wenyewe.

Alipiga magoti nyuma ya spika ya kushoto, akacheka. Aliyeufunga mtambo siku ulipoletwa alikuwa ameugeuza waya upande huo: mwekundu mahali pa mweusi, na mweusi mahali pa mwekundu. Spika hupiga muziki kwa kusukuma na kuvuta hewa. Zikifungwa vibaya, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na sauti nzito zinauana katikati ya chumba. Aligeuza waya, na kazi hiyo haikuchukua hata dakika mbili. Besi ilijaa nyumba hadi jirani akabisha kuuliza kama tumenunua mashine mpya.

Kisha alizishusha spika kutoka juu ya kabati, ambako zilikuwa zimesongwa kwenye kona nyuma ya picha za harusi na maua ya plastiki. Aliziweka juu ya vibao, zile spika ndogo za sauti nyembamba zikilingana na kimo cha masikio ya mtu aliyeketi, na akazisogeza mbali na ukuta. Mama alitandika zulia lililokuwa limekunjwa chini ya kitanda na kufunga pazia zito dirishani. Nyumba zetu nyingi zina kuta za mawe, sakafu ya saruji au vigae na samani chache. Sauti hugonga kila upande na kurudi, maneno yakachanganyika. Zulia na pazia hunyonya mwangwi huo. Tofauti yake hukuhitaji shuka wala sarafu ili uisikie.

Sote tulifurahi. Mzee alifurahia besi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Maneno bado siyapati."

Ukweli uliokuwa mgumu

Binti wa kaka mkubwa, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa amelala juu ya zulia akichora. Bila kuinua kichwa alianza kumtajia babu yake maneno ya wimbo, moja baada ya jingine, kama yalivyotoka kwenye spika. "Babu, sasa wanasema hivi. Sasa wanasema hivi." Sote tulikuwa tukiyasikia. Mzee peke yake hakuwa akiyasikia.

Hakuna aliyesema kitu. Msomaji, kumwambia mtu aliyeongoza kwaya kwa miaka 30 kwamba masikio yake yamepungua ni kama kumwambia dereva mkongwe akabidhi ufunguo. Alikasirika. Alisema spika ndizo zenye makosa na waimbaji wa siku hizi hawafungui midomo. Wiki tatu zilipita kabla ya kukubali, na aliyemshawishi si mimi wala daktari. Ni mjukuu, aliyemwambia kwamba hata wao shuleni hupimwa macho na hakuna anayechekwa.

Kliniki ya masikio ilimtoa nta iliyokuwa imeziba upande mmoja, kisha ikampima. Sauti nzito alizisikia vizuri. Sauti nyembamba za juu zilikuwa zimepungua sana katika masikio yote mawili, jambo ambalo huwapata watu wengi wanapozeeka. Mpimaji alitueleza kwa lugha rahisi: irabu kama a na o hukaa katika sauti nzito, lakini konsonanti kama s, f, t na sh hukaa juu, na hizo ndizo zinazotenganisha neno na neno. Ndiyo maana Mzee alikuwa akisikia sauti bila maneno. Ndilo blanketi alilotuambia tangu mwanzo. Alieleza dalili zake sawasawa, ila sote tulimtafutia mgonjwa mwingine.

Hakuna waya duniani, uwe wa shaba, wa fedha au wa dhahabu, ambao ungeliondoa blanketi hilo.

Pesa zetu zilikuwa mwanzo tu wa bei ya kifaa cha kusaidia kusikia, kwa hivyo tulichanga mara ya tatu, na kitindamimba ndiye aliyetuma wa kwanza. Siku za mwanzo Mzee alilalamika kwamba vijiko vina kelele na magazeti yanapiga makelele yakikunjuliwa. Jumapili ya tatu alirudi kutoka kanisani akatangaza kwamba teno wanaburura wimbo na hakuna anayewarekebisha. Mama alituambia kwamba ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumsikia akilalamika kwa furaha.

Ufanye nini basi?

Ukitaka sauti bora nyumbani kwako, fuata utaratibu huu kabla hujafungua mkoba.

Kwanza, kagua nyekundu na nyeusi. Hakikisha kila spika imefungwa sawa na mwenzake. Zima mtambo, pindua waya kwenye spika moja tu, kisha sikiliza. Upande utakaokupa besi nyingi zaidi ndio sahihi. Hakikisha pia kwamba nyuzi za upande mmoja hazigusi za upande wa pili, kwani zikigusana zinaweza kuunguza amplifaya.

Pili, tazama mahali spika zilipo. Zitoe kwenye kona na nyuma ya makochi, na zielekeze mahali mnapoketi. Zulia, pazia, hata rafu ya vitabu husaidia. Wewe mwanafunzi unayeishi hosteli, blanketi lililotundikwa ukutani linaweza kukufaa kuliko kifaa chochote cha dukani, tena jirani yako atapata usingizi.

Tatu, tazama waya wako. Ukiwa mwembamba kama uzi na spika iko mbali, badilisha. Nunua wa shaba, milimita mraba 1.5, au 2.5 kama spika ni ya omu 4 na umbali unazidi mita 8. Jihadhari na waya wa alumini uliopakwa shaba kwa nje, ambao huuzwa kama shaba. Chukua uzi mmoja uukwaruze kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ujue ni alumini, ambayo hupitisha umeme vibaya kuliko shaba, kwa hivyo utahitaji unene zaidi. Ukikatiwa kwa mita katika duka la vifaa vya umeme utalipa kidogo kuliko ukinunua ule wa sandukuni.

Nne, ikiwa bado unashawishika kununua waya wa bei, uazime kwanza. Tundika shuka, tafuta sarafu na ndugu asiyeweza kukaa kimya ila kwa malipo. Ukipata 12 kati ya 16, nunua kwa roho safi. Ukipata 9, umeokoa pesa, na jamaa zako watakuwa na kisa cha kusimulia hadi Krismasi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Waya mzuri ni ule usioujua kuwa upo: umefungwa sawa, umetosha unene, umenyamaza nyuma ya kabati.

Na iwapo nyumbani kwenu yuko mzee anayeongeza sauti ya redio kidogo kila wiki, msikimbilie dukani. Ketini naye, mpunguze sauti, na mmuulize kwa upole ni nini hasa anachokisikia.